Kujibu Maswali juu ya Baisikeli

Mtoto anayepanda baisikeli kila siku anaijua vema. Katika Kongo watu wengi huiita kinga. Lakini akiulizwa habari zake kwa Kiingereza, mbele ya mtu asiyemjua, hunyamaza. Si kwamba hana la kusema, ila hajazoea kulipanga.

Mtihani wenyewe

Uko mtihani wa Kiingereza unaoitwa IELTS, ulioanza mwaka 1989. Vyuo vingi vya Uingereza na Australia huutaka kwa mgeni anayeomba kuingia. Sehemu ya kusema huchukua dakika 11 mpaka 14. Kwanza mtahini huuliza maswali mepesi. Kisha humpa mtu kadi yenye jambo moja. Mtu hufikiri dakika 1, halafu husema dakika 1 mpaka 2. Mwisho huja maswali mazito, kwa mfano: "Kwa nini watu wa mjini wapende baisikeli kuliko magari?"

Mtahini hupima mambo manne: kusema kwa mpango bila kukwama, wingi wa maneno, sarufi, na matamshi. Hapimi mali ya mtu.

Majibu matatu

Mwalimu mmoja aliwazoeza wanafunzi wake. Aliuliza: "Je, unayo baisikeli?"

Wa kwanza akajibu: "Hapana, Mwalimu." Akanyamaza. Alisema kweli, lakini neno moja halionyeshi lugha.

Wa pili hakuwa na baisikeli, lakini aliona haya. Akasema maneno ya rafiki yake aliyoyashika kwa moyo: "Ndiyo, ni nyekundu, baba alininunulia." Mwalimu akauliza: "Mnyororo ukitoka, unafanyaje?" Hapo ulimi ukakwama.

Wa tatu akajibu: "Hapana, Mwalimu, sina, kwa sababu bei yake ni kubwa. Lakini kaka yangu ana chukudu ya mti. Jana tulipeleka viazi sokoni. Penye kilima tulisukuma, penye mteremko tulipanda."

Mwalimu akasema: "Vema, mwanangu. Huna baisikeli, lakini maneno unayo."

Jibu lake lilikuwa na mambo matatu: neno la kweli, sababu, na mfano. Hivyo ndivyo ipasavyo kujibu.

Makosa ya kuepuka

Kiswahili husema "yeye" kwa mume na mke. Kiingereza husema "he" kwa mume, "she" kwa mke, na "it" kwa baisikeli. Tena, anayepanda kila siku husema "ride", lakini kwa jana husema "rode".

Habari za kusaidia

Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mtu alisukuma kwa miguu, kama chukudu za Goma. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli yenye mnyororo na magurudumu yaliyokaribia kulingana. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, alipata hati ya tairi yenye upepo.

Ndipo ulimwengu ukataka mpira mwingi. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, mpaka mwaka 1908, watu walilazimishwa kuuchuma mwituni. Wengi walikufa, na wengine walikatwa mikono. Kwa hiyo mtoto wa Kongo akiulizwa habari za baisikeli, asidhani kuwa ni habari za wageni tu. Babu zake wamo ndani yake.

Maswali

1. Mtahini hupima mambo gani manne?
2. Kwa nini mwanafunzi wa pili alikwama?
3. Chombo cha Drais na chukudu vinafanana wapi?
4. Taja sehemu tano za baisikeli.
5. Jibu kwa sentensi tatu: "Je, wewe huendaje shuleni?" Toa sababu na mfano.