Mshika Mawili Barabarani: Simu na Usukani

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Dereva anayeendesha huku akitumia simu huwa ameshika mawili, na kinachomponyoka ni chombo alichopewa kukiongoza, pamoja na usalama wa watu waliomwamini.

Macho, mikono na akili

Uendeshaji wa chombo cha moto unahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja: macho yanayotazama njia, mikono iliyoshika usukani na akili iliyotulia. Kusoma ujumbe huondoa macho, kushika simu huondoa mkono, na mazungumzo huondoa akili. Hili la tatu ndilo hudharauliwa zaidi. Mwendesha bodaboda aliyechomeka simu ndani ya kofia ngumu hudhani yu salama kwa kuwa mikono yake ni huru. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika hakuleti usalama mkubwa zaidi. Abiria aliye garini huiona hatari naye hunyamaza. Anayepiga simu kutoka mbali haioni, hivyo huendelea kuzungumza.

Kwa pikipiki hali ni mbaya zaidi. Mkono wa kulia hushika mafuta na breki ya mbele, wa kushoto hushika klachi. Mkono wowote ukienda kwenye simu, uwezo wa kuimudu pikipiki hupungua papo hapo.

Hesabu ya umbali

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde 5 za kusoma ujumbe wa muamala ni takriban mita 70 zilizopitwa bila kutazama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, umbali huo hufikia mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu.

Ndani ya mita hizo, mjini Mpanda, mwanafunzi anaweza kuvuka barabara au baiskeli yenye mzigo ikaingia njiani. Nje ya mji, kundi la ng'ombe hutokea vichakani bila taarifa. Barabara ya kwenda Sumbawanga, baada ya Sitalike, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wanakoishi tembo, nyati na viboko. Mnyama hasubiri dereva amalize maongezi.

Wajibu wa kila mkazi

Dereva azime mlio wa simu kabla ya kuondoka. Simu ikiwa ya lazima, atoke barabarani, asimame mahali salama, ndipo apokee. Aliye na kondakta amwachie yeye simu.

Bodaboda wengi hupokea simu wakiwa mwendoni kwa sababu simu ndiyo riziki yao. Kwa hiyo anayepiga naye ana sehemu yake. Mteja anayempigia mara tatu kumuuliza amefika wapi humweka hatarini yeye na abiria aliyembeba. Ni vema swali la kwanza liwe, "Je, unaendesha?" Jibu likiwa ndiyo, simu ikatwe.

Abiria naye asikae kimya. Amwombe dereva kwa heshima aweke simu. Akikataa, abiria ashuke mahali salama au atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani, au apige namba 112 ya polisi.

Mteja aliyekosa kupokelewa simu yake atapiga tena baada ya dakika chache. Mtoto aliyegongwa njiani kutoka shuleni harudishwi na simu yoyote.