Mashine ya Boti Ikianza Kugonga: Mwongozo kwa Wavuvi wa Kiambere

Bwawa la Kiambere lilikamilika mwaka 1988, na ndilo la mwisho kuelekea chini kati ya mabwawa matano ya Seven Forks kwenye Mto Tana. Ukingo mmoja ni Embu, wa pili ni Kitui, na maji ya katikati yana wenyewe: viboko na mamba. Si mahali pa kuzimikiwa na mashine. Lakini ni nadra mashine kufa bila kulalamika kwanza. Anayejua kuisikiliza hutofautisha tatizo la kukaza nati na lile la kuzima, kushika kasia na kumwita fundi.

Uliza inagonga lini

Wengi huusimulia mlio kwa ukubwa wake. Fundi mzuri huuliza unatokea wakati gani, kwa sababu jibu hilo humwonyesha aanzie wapi: juu kichwani, kwenye pistoni na beringi, au chini mguuni, kwenye shafti, gia na propela.

Ifunge boti vizuri ukingoni, mguu wa mashine ukiwa majini, na pasiwe na mtu yeyote karibu na propela. Kamwe usiiwashe mashine nje ya maji. Pampu yake hupozwa na kulainishwa na maji hayo hayo, na mpira wake huungua upesi. Washa, sikiliza ikiwa nyutro, kisha ingiza gia ya mbele kwa mwendo wa chini.

- Mlio ukisikika kwenye gia tu, anza na mguu.
- Ukisikika hata kwenye nyutro na kuongezeka kila unapoongeza kasi, shaka iko kichwani.
- Ukija boti inapobeba mzigo au inapovutwa kwa nguvu, chunguza mafuta, plagi na joto.
- Ukija unapobadilisha gia, tazama meno ya gia. Mlio mmoja wa "klak" gia inapoingia ni wa kawaida. Kugonga mfululizo, au gia kuchomoka yenyewe, si kawaida.

Mashine nyingi za tu-stroki hutoa mtikisiko mdogo zikiwa nyutro, nao hupotea gia ikiingia. Huo usikunyime usingizi.

Anza na kisicho na gharama

Zima mashine na uchomoe kamba ya kuzimia. Shika mashine kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, kaza vibanio vinavyoishikilia kwenye ubao wa tezi. Kibanio kilicholegea hugonga kama injini inayokufa, na dawa yake ni dakika mbili.

Kisha nenda kwenye propela. Izungushe kwa mkono, mashine ikiwa nyutro. Panga lililopinda baada ya kugonga mwamba au kisiki hutikisa boti nzima, hasa maji ya bwawa yakiwa yamepungua. Fungua nati, vua propela, utazame nyuma yake. Hapo ndipo uzi wa nyavu hujiviringisha kwenye shafti, safu juu ya safu, hadi ukaikata sili ya mpira. Sili ikikatika, maji huingia kwenye oili ya gia.

Kuhakikisha, legeza skrubu ya chini ya mguu na uache oili kidogo idondoke kwenye kikopo. Oili safi hupitisha mwanga. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Sili ibadilishwe kabla gia hazijaliwa na kutu. Chembe ndogo za chuma zinazong'aa ni dalili kwamba gia au beringi zinasagika. Unapojaza oili mpya, ijaze kutoka tundu la chini hadi itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Kugonga kunakoletwa na mafuta

Mlio mwembamba na mkali, "ti-ti-ti", unaokuja ukikaza kasi, mara nyingi ni wa mafuta kuwaka kabla ya wakati wake. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huleta hali hiyo. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji. Nunua kwenye kituo unachokiamini, si kwenye mitungi ya kando ya barabara.

Kwa tu-stroki, fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako. Kikisema 50 kwa 1, lita 20 za petroli huchanganywa na mililita 400 za oili. Tumia oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, wala si ya bodaboda. Tazama pia maji yanayotoka kwenye tundu la ubavuni. Yakipungua au yakikatika, zima: tope limeziba njia au mpira wa pampu umechoka.

Fungua plagi ukiangalie kichwa chake. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe iliyochomeka ni joto kali au mafuta haba kwenye silinda hiyo.

Zima papo hapo

Mlio mzito wa "go-go-go" kutoka kichwani, unaofuata kasi ya injini na kuambatana na nguvu kupungua, mara nyingi ni wa beringi za pistoni. Ukiendelea dakika chache, injini inaweza kunoki kabisa, na gharama ya kuirekebisha ni kubwa. Zima, tia nanga ikiwa upepo unakusukuma kuelekea ukuta wa bwawa au kwa viboko, kisha piga kasia. Kasia, nanga na jaketi za kuokoa maisha ziwe ndani ya boti kila safari.

Ukimfikia fundi, mwambie mambo manne: mlio ulianza lini, uko kwenye gia gani, unabadilika vipi kwa kasi, na oili ya gia ina rangi gani. Hayo yatamwepusha kufungua kisichohusika, nawe kulipia kazi usiyoihitaji.