Mama mkwe ameificha pampu ya mwanangu

Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Ana pumu tangu akiwa na miaka mitatu. Siku hizi anakohoa karibu kila usiku, kuanzia saa nane mpaka alfajiri, na kifua kinapiga miluzi. Hospitali walitupa pampu ya bluu, lakini sasa haimalizi mwezi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema pampu ukishaizoea huiachi tena, na kwamba kuna kijana wa mtaani kwao alikutwa amekufa nayo mkononi. Wiki iliyopita aliificha. Anampa mtoto habasoda na asali, na jioni anamfukiza ubani. Mume wangu ni baharia. Akirudi anasema tusikilizane tu. Nimemkataza mtoto mayai, samaki na maziwa kwa sababu niliambiwa ana aleji, lakini sioni nafuu. Mwalimu naye hamruhusu kucheza mpira. Nifanye nini?
Mama Mnyonge, Tanga

Mwanangu, pole kwa kukesha.

Kabla ya yote, itafute hiyo pampu leo hii. Ikipatikana, ikae mahali ambapo wewe, mtoto na bibi yake mnapafahamu, na asubuhi iende naye shuleni. Pumu haisubiri watu wazima wamalize mabishano yao.

Baada ya hapo nitakushangaza kidogo: mama mkwe wako hajakosea kila kitu. Wapo wagonjwa wa pumu waliokufa na pampu mkononi, na aliyeshuhudia msiba wa namna hiyo ana haki ya kuogopa. Huko Uingereza, ripoti ya mwaka 2014 ilichunguza vifo 195 vya pumu, kimoja kimoja. Ikakuta kwamba kati ya wale waliokuwa na kumbukumbu za dawa, zaidi ya theluthi moja waliandikiwa pampu za kutuliza zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. GINA, jopo la kimataifa linaloandika miongozo ya pumu, nalo linatahadharisha kwamba anayemaliza pampu 3 za bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari zaidi ya kubanwa vibaya, na anayemaliza 12, yaani moja kila mwezi, hatari yake ya kufa imeongezeka. Pampu moja kwa kawaida ina mipulizo 200. Ya mwanao haimalizi mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo hatari anayoiona bibi ipo. Alikopotoka ni kwenye kumtafuta mkosaji.

Mtu mwenye pumu, njia zake za hewa zimevimba kwa ndani hata siku ambayo hakohoi. Vumbi, moshi, mafua au baridi ikizichokoza, misuli inayozizunguka inajikaza, ute unajaa, na hewa inapita kwa shida. Hiyo miluzi unayoisikia ni hewa inayolazimisha njia. Pampu ya bluu ni salbutamoli. Inailegeza ile misuli ndani ya dakika chache, mtoto anapumua, wote mnamshukuru Mungu. Baada ya saa nne mpaka sita nguvu yake imekwisha, na uvimbe uko palepale kwa sababu dawa hii haiugusi kabisa. Usiku unaofuata hadithi ni ileile. Tena ikitumika kila siku kwa muda mrefu kinga yake hupungua, ndipo watu wanaposema mtoto ameizoea. Si kulewa wala si uteja. Ni ugonjwa ambao haujatibiwa. Mumeo akirudi mwambie kwa lugha yake: ni kufua maji kutwa kucha na chombo hujakikalafati.

Dawa ya kutibu uvimbe ipo, nayo pia ni ya kuvuta. Majina utakayokutana nayo zaidi ni beklometasoni na budesonidi. Mara nyingi pampu ya beklometasoni huwa ya kahawia, ila rangi zisikudanganye, kila kiwanda na chake, soma jina. Hii hutumika kila siku kama daktari alivyoandika, mtoto awe anakohoa au anaruka kamba. Haitoi nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo wazazi wengi wanapoitupa. Wanaitumia siku tatu, hawaoni kitu, wanarudi kwenye bluu. Ipe wiki kadhaa. Utaanza kuona tofauti usiku, pale utakaposhtuka kwamba umelala mpaka adhana.

Dawa hii ni steroidi, na neno hilo litamtisha bibi, pengine na wewe. Tuliangalie vizuri. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni sawa na mikrogramu 5,000, na kinazunguka mwili mzima. Mpulizo mmoja wa beklometasoni kwa kawaida ni mikrogramu 50 au 100, na unakwenda kifuani kwenye shida. Una madhara? Unayo machache. Unaweza kuleta utando mweupe mdomoni, ndiyo maana mtoto akishavuta lazima asukutue kwa maji na kuyatema. Watoto wanaoitumia kwa miaka huweza kupungukiwa urefu kwa takriban sentimita moja wakifika utu uzima. Mimi, kati ya sentimita moja na mtoto anayekosa pumzi saa nane za usiku, sihitaji hata dakika ya kufikiri. Cha kuogopa ni ule mtindo wa kwenda duka la dawa kununua prednisoloni au deksa kila kifua kinapobana, bila cheti, mwezi baada ya mwezi. Hiyo ndiyo steroidi inayovimbisha uso, kudhoofisha mifupa na kudumaza. Daktari akiandika prednisoloni ya siku chache mtoto alipobanwa vibaya, mpe bila wasiwasi. Kujiandikia ndiyo balaa. Na ukiambiwa vidonge au sharubati ya salbutamoli, uliza kwanza kama ya kuvuta haipo, kwa maana hiyo ya kunywa hufanya kazi polepole na hupigisha moyo mbio.

Sasa swali ambalo hukuniuliza: mwanao anaivutaje hiyo pampu? Mtoto wa miaka minane akipulizia mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Anahitaji chombo cha katikati, ambacho hospitalini wanakiita spesa. Kama hakipatikani au bei imekushinda, usikate tamaa. Mwaka 1999 Dk. Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya watoto waliobanwa na pumu, na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita ikafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani, mradi pampu imezibwa vizuri kwenye tundu. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe, bila kufutwa na kitambaa. Waya hukunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, hupashwa moto, kisha kitako cha chupa hutobolewa nao. Pampu huchomekwa pale, na ukingo hupigwa gundi hewa isipenye. Mtoto anaifumba midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Unatikisa pampu, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Unangoja nusu dakika, unatikisa tena, ndipo unabonyeza ya pili. Nimewaona wazazi wanabonyeza mbili kwa mpigo ili wawahi. Hapo dawa nyingi inabaki kwenye kuta za chupa. Mwombe muuguzi aitazame ya kwenu na akutazame unavyoitumia.

Tuje nyumbani. Ubani ni moshi, mwanangu, hata ukinukia vipi, na kifua cha mtoto hakijui tofauti yake na moshi wa kuni. Lakini usiende kumwambia mama wa mumeo, mwanamke wa pwani, kwamba chetezo kitolewe nyumbani. Utakuwa umeanzisha vita ambayo mtoto hatafaidika nayo. Mwombe afukize uani, mtoto akiwa shuleni, na madirisha yakae wazi kabla hajarudi. Habasoda na asali mwachie. Kijiko kimoja hakimdhuru mtoto wa umri huo, na bibi naye ana haki ya kumtendea mjukuu wake kitu, ili mradi hakichukui nafasi ya dawa. Jiko la mkaa litoke ndani. Dawa ya mbu ya kuchoma muiache, chandarua kinatosha. Mto wa sufi wa zamani utupe, maana wadudu wa vumbi, wasioonekana kwa macho, hupenda kukaa humo. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Na mende! Watu hudhani mende ni suala la aibu tu, kumbe kinyesi na mabaki yake ni miongoni mwa vichokozi vikubwa vya pumu mijini. Funika chakula, toa takataka kila jioni. Kama baba yake anavuta sigara, kuvutia barazani hakusaidii sana, moshi unaingia naye kwenye nguo.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Umemnyima mtoto anayekua mayai, samaki na maziwa kwa neno la kuambiwa, na mwenyewe unasema nafuu huioni. Chakula ni nadra kuwa ndicho chanzo cha pumu. Kama hajawahi kuvimba midomo, kutoka mabaka ya kuwasha au kutapika muda mfupi baada ya kula kimojawapo, mwambie daktari unataka kumrudishia, kimoja kimoja. Kama yaliwahi kumpata, hilo ni jambo jingine, apimwe kwanza. Na ikitokea amekula kitu akapata mabaka huku kifua kinabana, hiyo si ya Piriton. Kimbilia hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini. Kama pua inamwasha na kupiga chafya kila asubuhi, litaje pia kwa daktari, kwa sababu pua isiyotibiwa huivuruga pumu.

Mwalimu wake mpelekee barua ya daktari. Pumu iliyodhibitiwa haimzuii mtoto kucheza mpira. Wengine hupewa mipulizo ya bluu robo saa kabla ya mchezo. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu ujana wake, na rekodi ya dunia ya marathoni aliyoiweka London mwaka 2003 ilidumu miaka 16, mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago. Wakimbiaji wetu wote miaka hiyo walikuwa wanamfukuza mwanamke mwenye pampu.

Lililobaki ni bibi. Usibishane naye jikoni, na usimwambie mambo yake ni ya kizamani. Mumeo akipiga simu mwambie hili ni la kwake: mtoto ni wake, mama ni wake, na kusema “sikilizaneni” halafu akapanda meli si kuamua kitu. Ampigie mama yake, amwombe kwa heshima akusindikize hospitali. Huko amsikie daktari mwenyewe, na hadithi ya yule kijana aitoe palepale, aulize yanayomsumbua. Mkirudi, mkabidhi yeye ile dawa ya kila siku. Awe ndiye anayehakikisha mtoto amevuta asubuhi na jioni na amesukutua. Bibi aliyekuwa mlinzi wa chetezo anaweza kabisa kuwa mlinzi wa pampu, na sidhani kama mtoto ataruka dozi hata moja.

Nenda wiki hii, usingoje abanwe tena. Beba pampu, chupa na kila dawa anayotumia. Mweleze daktari kwamba anakohoa kila usiku na pampu haimalizi mwezi. Maneno hayo mawili yanamtosha kujua pumu haijadhibitiwa. Muulize kuhusu dawa ya kuzuia, na aangalie kama kuna kingine kifuani. Kwetu huku kikohozi kilichozidi wiki mbili lazima pia kipimwe kifua kikuu, hata kwa mtoto anayejulikana kuwa na pumu. Kisha aandike kwenye karatasi mfanye nini siku ya kawaida na siku ya kubanwa, uibandike ukutani.

Mpaka hapo, akibanwa mkalishe wima, mpe bluu kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja kila baada ya nusu dakika au dakika, hadi 10. Asipopata nafuu, au nafuu ikija na kuondoka upesi, ondokeni, na njiani endelea kumpa. Ukiona hawezi kumaliza sentensi, nyama za mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi, amelegea anataka kulala, au miluzi imenyamaza ghafla na bado anahangaika kuvuta hewa, usihesabu mipulizo tena. Katika vile vifo 195 vya Uingereza, karibu nusu walikufa bila kutafuta msaada au kabla haujawafikia. Mwamshe jirani mwenye gari au bodaboda, saa nane hiyohiyo.