Kibanda cha Picha Kizungumze Lugha ya Wageni

Vijana wengi wenye kamera na kompyuta siku hizi hukodisha vibanda vya kupigia picha katika harusi, mahafali na hafla za shule. Ndani ya kibanda hamna mpiga picha. Mgeni hugusa skrini, programu humwambia la kufanya, kamera hupiga, kisha picha hutoka kwenye printa. Kazi yote ya kumwongoza imeachiwa maneno ya skrini na sauti ya spika.

Tatizo ni kwamba nyingi za programu hizo huja na maelekezo ya Kiingereza. Nyanya asiyesoma lugha hiyo hubaki amesimama bila kujua aguse wapi. Mjukuu akija kumbonyezea, huenda akawa amekubali kwa niaba yake kwamba picha iwekwe mtandaoni. Somo hili linaeleza jinsi ya kubadilisha maelekezo hayo ili kila mgeni aelewe anachokifanya na anachokikubali.

Kazi ya mhudumu

Mwaka 1925, Anatol Josepho alifungua kibanda chake cha picha mjini New York, Marekani. Kwa senti 25, mteja alipata picha 8 baada ya dakika chache. Ingawa mashine ilijiendesha, palikuwa na mhudumu wa kuwaelekeza wateja watazame wapi. Leo programu ndiyo imechukua nafasi ya mhudumu huyo. Basi inafaa iseme kama mtu anayewajua wageni wake.

Hatua ya 1: Hifadhi ya zamani

Fungua sehemu ya mipangilio na utafute mahali pa skrini na sauti. Katika programu nyingi, kila skrini ni picha ya kawaida iliyowekwa kwenye folda, na kila tangazo ni faili ya sauti. Kabla ya kubadilisha chochote, nakili folda nzima mahali pengine. Ukiharibu, utarudisha ya awali bila kuvuruga sherehe ya mtu.

Hatua ya 2: Andika maneno machache

Kila skrini iseme jambo moja tu. Kwa kuwa wageni huingia kwa vikundi, tumia wingi. Mfano:

- Mwanzo: "Karibuni. Guseni hapa mpigwe picha."
- Kabla ya picha: "Sogeeni karibu. Tazameni kamera, si skrini."
- Kuhesabu: "Tatu, mbili, moja."
- Kati ya picha: "Bado picha mbili. Badilisheni mkao."
- Mwisho: "Asanteni. Subirini picha yenu hapa kulia."

Maneno "si skrini" yana kazi yake. Watu hupenda kujitazama kwenye skrini, na picha ikitoka macho yao yote yanaangalia chini. Bandika pia mshale kando ya kamera. Herufi ziwe kubwa, nyeupe juu ya rangi nyeusi au ya samawati iliyokolea, ili zisomeke kutoka hatua kadhaa.

Hatua ya 3: Rekodi sauti

Simu inatosha kurekodi. Ingia katika chumba tulivu, funga madirisha, uweke simu karibu na mdomo na useme polepole. Kama wageni wengi ni wazee wa eneo fulani, rekodi pia kwa lugha ya mama ya hapo.

Pima urefu wa kila tangazo. Iwapo tangazo lina sekunde 6 na programu imepangwa kuhesabu sekunde 3, kamera itapiga wakati sauti bado inaeleza. Ongeza muda wa kuhesabu au ufupishe maneno. Siku ya sherehe, weka spika ndogo usawa wa masikio ya wageni, kwa sababu muziki wa ukumbini utaimeza sauti ya kompyuta.

Skrini na sauti ziseme jambo lile lile. Asiyeona vizuri atategemea sauti, naye kiziwi atategemea maandishi na tarakimu kubwa. Ikiwa programu inakubali video, weka fupi yenye Lugha ya Ishara ya Kenya.

Hatua ya 4: Omba idhini

Hii ndiyo skrini isiyofaa kurukwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu anayeweza kutambulika ni data yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa burudani nao ulitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake.

Uliza kwa lugha nyepesi: "Mnaruhusu tuweke picha hii mtandaoni? NDIYO au HAPANA." Vitufe viwili viwe na ukubwa sawa. Anayegusa HAPANA apewe picha yake ya karatasi kama wengine, kwa maana idhini ya kulazimishwa si idhini. Kwa mtoto, ongeza: "Mzazi au mlezi ndiye ajibu." Weka pia nambari ya simu ambayo mgeni akibadili nia ataitumia kuomba picha iondolewe.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya hafla

Waite watu watatu ambao hawajawahi kukiona kibanda, mmoja wao awe mzee. Nyamaza, uwatazame. Popote watakapogeuka kukuuliza, maneno ya hapo hayajatosha. Yabadilishe, kisha ujaribu tena.

Kwa mkazi anayeingia kibandani, ushauri ni huu: skrini ikikuuliza jambo usiloelewa, usiguse hadi usomewe. Na ukikuta picha yako imewekwa mtandaoni bila ridhaa yako, mwombe mwenye kibanda aiondoe. Akikataa, una haki ya kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.