Kamioneti gani kwa koperative: ya esansi, ya mazutu, ya ibridi ao ya umeme?

Ndugu wanachama wa makoperative, siku hizi nikifika mkutanoni kusema juu ya magonjwa ya muhogo ao ya mbolea, nusu saa haiishi mutu ananyanyua mkono: "Agronomu, acha kwanza hayo. Tununue gari gani?" Nimejibu mara nyingi nikiwa nimesimama, mbiombio. Leo nijibu nikiwa nimekaa.

Swali limekuwa zito ju ya koperative moja ya kahawa upande wa Kalehe. Walikuwa na akiba ya misimu mitatu, na wauzaji watatu waliwafikia karibu wakati mmoja. Wa kwanza alileta kamioneti ya mazutu, ya zamani. Wa pili alileta ya esansi yenye silinda sita, inangaa, bei yake chini sana. Wa tatu alikuwa na picha tu kwenye simu: kamioneti ya umeme, mupya, "haitumii hata tone la mafuta". Prezida alitaka ya umeme, muhazini alitaka ya bei chini. Wamama wanaopeleka kahawa mbivu kwenye kituo cha kuoshea waliuliza kitu kingine: siku itakayokufa, nani atatengeneza, na kahawa yetu italala wapi?

Hao wamama njo walianza mahali panapofaa. Niseme pia ukweli: miaka iliyopita, kundi moja la wakulima wa nyanya liliniuliza, nikaangalia bei ya kununua tu, nikawaambia wachukue ile ya esansi. Ilikunywa mafuta mpaka faida ya nyanya ikaisha. Gari iko bado pale, kuku zinalala ndani. Sijasahau.

Tuanze basi kwa mazao, ju kila zao lina subira yake. Kahawa mbivu ikivunwa asubuhi inapaswa kupita kwenye mashine ya kumenya siku ileile. Ikilala ndani ya mifuko inachacha, na hakuna muonjaji atakayekosa kutambua ile ladha. Muhogo mubichi, siku mbili ao tatu kisha kungolewa, ndani unaanza kuwa na mistari myeusi. Nyanya unajua mwenyewe. Maharagi na mahindi makavu vinaweza kungoja wiki nzima bila hasara. Kwa hiyo koperative ya maharagi inaweza kuvumilia gari inayosimama siku nne ikingoja piesi kutoka mbali. Koperative ya kahawa haiwezi. Tena hapa kwetu Kivu mavuno makubwa ya kahawa yanaangukia miezi ya mvua, kuanzia mwezi wa tatu: gari inatakiwa kufanya kazi nyingi zaidi wakati barabara iko mbovu zaidi. Ukipima gari mwezi wa saba kwenye vumbi kavu, umepima nusu tu.

Sasa tuhesabu. Litre moja ya mazutu iko na nguvu ya karibu kilowati-saa 10, ya esansi karibu 9. Lakini motere ya kuunguza mafuta inapeleka kwenye magurudumu karibu sehemu tatu tu kati ya kumi. Zingine zote zinakuwa joto, njo maana kapo inaunguza mukono. Motere ya umeme inapeleka sehemu nane na zaidi. Tuchukue safari ya kilomita 80, kwenda na kurudi, barabara yetu ya mawe, mzigo tani moja upande mmoja. Kwa mfano, tuseme kamioneti ya mazutu inakunywa litre 12 kwa kilomita 100: hapo ni karibu litre 10. Ya esansi, tuseme 15 kwa 100: litre 12. Ya umeme, tuseme kilowati-saa 35 kwa 100: kilowati-saa 28. Bei ya mazutu kwenu mnaijua, ya kuraa pia, kama iko. Zidisheni wenyewe, msingoje muuzaji awazidishie.

Esansi nitaipita haraka. Motere yake ni nyepesi, inawaka vizuri asubuhi ya baridi, mafundi wengi wanaijua, na ukiishiwa njiani utapata Kadhafi mwenye bidoni kila njia panda. Lakini bidoni hiyo mara nyingine imechanganywa na petroli ya taa, na motere inaanza kugonga kwenye mlima. Kwa gari ya prezida kwenda mjini, sawa. Kwa tani moja ya viazi kupanda mlima kila siku ya soko, silinda sita za esansi zitakula viazi mbele ya walaji wengine wote.

Kwa mazutu kunahitaji maelezo mengi kidogo, sababu watu wanasema "mazutu" sawa vile ni kitu kimoja. Kuna motere za zamani, kwa mfano ile 1HZ ya Land Cruiser, litre 4,2, silinda sita, bila turbo, pompa yake ni chuma kitupu. Inakunywa kuliko zile mupya, inapanda pole, lakini fundi wa kijijini anaifungua juu ya gunia na kuirudisha. Halafu kuna motere za kisasa, zinazosukuma mazutu kwa nguvu ya zaidi ya bar 1 600 kupitia tundu dogo sana, na kompyuta inaamuru kila tone. Hizo zinakunywa kidogo na zinavuta vizuri. Adui yao ni maji na uchafu ndani ya mazutu. Tone la maji kutoka pipa lenye kutu linaweza kumaliza injekta, na ukiuliza bei ya injekta nne utakaa chini. Mkinunua ya namna hiyo, lazima muwe na chujio la kutenganisha maji, mlimwage kila wiki, na mafuta yatulie ndani ya pipa siku moja mbele ya kuyavuta, bila kuvuta mpaka chini.

Muwe na macho pia na zile za mazutu zinazotoka Ulaya, za miaka ya karibuni. Kwenye bomba la moshi zina chujio la masizi, zingine zinadai na maji ya AdBlue. Zimefanywa kwa mazutu yenye salfa kidogo sana na kwa barabara ya kukimbia, ju chujio hilo linajisafisha wakati moshi uko moto sana. Kwetu gari inatambaa kilomita 15 kwa saa, chujio linajaa, taa inawaka, gari inakataa nguvu. Si gari mbaya. Iko mahali pasipo pake.

Ibridi maana yake gari yenye motere ya mafuta na ya umeme pamoja, na batri inayojazwa wakati wa kupunguza mwendo. Hapa wauzaji wanadanganya sana, ju jina ni moja lakini vitu ni tofauti. Hilux ya mazutu yenye mfumo wa volti 48, iliyofika Ulaya mwaka wa 2024, inasaidiwa tu na umeme. Kiwanda chenyewe kinasema inapunguza mafuta kwa karibu asilimia 5. Ni kamioneti ya kweli: inabeba karibu tani moja na inapita ndani ya maji ya sentimita 70. Lakini asilimia 5 ya safari zetu 100 ni litre 48. Je, litre 48 kwa mwaka zinalipa ile bei ya juu? Hapana. Namna nyingine ni ile ya kuchomeka ukutani, kama BYD Shark iliyoanza kuuzwa Meksiko mwaka wa 2024: batri ya karibu kilowati-saa 30, na motere ya esansi wakati batri imeisha. Marekani wanayo F-150 ya ibridi, inayoweza kutoa kilowati 7,2 kwenye plagi zake za nyuma. Hiyo nimeitamani, sisemi uwongo: mashine ya kumenya kahawa ingezunguka pembeni ya gari, bila grupu. Lakini ni gari pana, ya esansi, na piesi zake ziko ngambo ya bahari.

Shida ya ibridi kwetu ni kwamba unanunua magari mawili ndani ya moja, na fundi wako anajua moja tu. Waya za rangi ya machungwa chini ya gari zinabeba mamia ya volti. Fundi asiyesoma kazi hiyo asiziguse, atakufa, sifanyi mchezo. Kabla ya kununua, ulizeni swali moja: kutoka kwetu mpaka garaji yenye valizi ya kusoma ile kompyuta, ni siku ngapi? Kama jibu ni mji ulio ngambo ya mpaka, mmeshapata jibu lenu.

Sasa ya umeme, ambayo vijana wote wanaitaka. Siicheki. Motere yake haina mafuta ya kubadilisha, haina injekta, haina ambreyaji ya kuungua kwenye mlima. Na milima yetu inaipenda. Fikiria gari ya tani mbili na mzigo wa tani moja inashuka Ngomo kuelekea Kamanyola, tuseme mita 600 za kushuka. Hapo kuna nguvu ya karibu kilowati-saa 5. Gari ya mazutu inaimaliza yote kwenye freni mpaka zinanuka. Ya umeme inaweza kurudisha labda 3 ndani ya batri, na freni zinabaki baridi. Lakini ukitoka Bukavu batri ikiwa imejaa kabisa, haina mahali pa kuweka nguvu hiyo, na ule msaada wa kushikilia gari unapungua ao unakosekana. Dereva wa mlimani aache nafasi ndani ya batri mbele ya kushuka.

Tatizo ni kuichaji. Zile kilowati-saa 28 za safari moja, kwenye plagi ya nyumba ya volti 220 na ampere 10, zinadai saa 13, kama kuraa haikatiki wala haishuki. Nani kati yetu aliye na saa 13 za namna hiyo? Wanaokaa karibu na laini nzuri ya maji, kwa mfano ile ya Matebe huko Rutshuru iliyoanza mwaka wa 2015, wanaweza kufikiri. Wanaotegemea laini ya zamani ya Ruzizi, inayogawanywa mtaa kwa mtaa, wapime kwanza kwa mwezi mmoja: andikeni kila usiku kuraa imekaa saa ngapi. Kwa jua, kilowati moja ya pano inatoa hapa kwetu karibu kilowati-saa 4 kwa siku. Mtahitaji pano za wati 400 kama 18, na ukihesabu kinachopotea weka 22. Na mchana, wakati jua liko, gari iko njiani! Kwa hiyo mnunue pia batri za kuhifadhi, na hapo hesabu inabadilika kabisa.

Tena kuna uzito. Batri ya kilowati-saa 60 iko na kilo karibu 400, na hizo zinaondolewa kwenye mzigo wenu. Hilux ya umeme inabeba kilo zisizofika 800. Haipiti mifuko 13 ya kahawa ya kilo 60, wakati ya mazutu inabeba 16. Garanti ya batri mara nyingi inaandikwa miaka 8, ni kweli, lakini soma ni ofisi gani inayoiheshimu na iko wapi. (Inauma kidogo: zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Congo yetu, na sisi tunasoma garanti ya batri kwa darubini. Batri nyingi za magari ya China siku hizi hazina hata kobalti.)

Mahali ambapo umeme unaweza kuanza kwetu ni pa chini zaidi: pikipiki na magurudumu matatu, safari za kilomita chache kati ya shamba na kituo. Kigali pikipiki za namna hiyo zinabadilisha batri kituoni na kuondoka. Sikatai kamioneti itafuata.

Niliwauliza wale wa Kalehe swali la mwisho: je, lazima mnunue? Kamioneti ya dola 14 000, ikiwatumikia miaka 7, inakula dola 2 000 kila mwaka hata ikisimama. Mkifanya safari 100 kwa mwaka, kila safari imeanza na dola 20 mbele ya mazutu, dereva, pine na karatasi za barabarani. Mkifanya safari 40, ni dola 50. Aliye na safari 40 akodi gari, ao apatane na koperative ya jirani yenye msimu tofauti.

Wao walihesabu safari zao, zikapita mia. Kamati iliachana na esansi siku ileile, na ya umeme ikawekwa kando mpaka laini ya kuraa ifike kituoni. Ilibaki ya mazutu ya zamani, ambayo haikunipendeza kwa macho. Niliwaomba wasilipe kitu mbele ya kufanya hivi: waende na fundi wao, si wa muuzaji, motere iwashwe ikiwa baridi kabisa, na waangalie moshi, kisha wapakie mifuko 16 iliyojaa, wapande mlima mkali wanaoujua, wasimame katikati, wazime, wawashe tena na waondoke. Wakishuka, washike freni kidogo na wasikilize. Muuzaji akikataa mzigo, wamurudishie funguo.