Mbwa Aliyetupwa: Mtunze Polepole Apone

Huenda siku moja ukamkuta mbwa mgeni amelala nyuma ya ghala lako. Mbavu zake zahesabika, manyoya yamenyonyoka kwa upele, na masikio yamejaa kupe. Pengine mwenyewe alihama akamwacha. Watu wengine humfukuza kwa mawe. Wengine humwonea huruma wakamjazia sufuria ya ugali, na huruma hiyo yaweza kumwua. Mbwa huyu aweza kupona na kuwa mlinzi mwema wa boma lako, lakini yafaa ufuate mambo haya kwa taratibu.

1. Mtazame kwanza kwa mbali. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya mwaka wa 1912, na hata leo kingali kinaua watu. Ukiona mbwa anatokwa na udenda mwingi, anayumba, taya limelegea, sauti imebadilika, au anauma hata mawe na vijiti, usimguse. Waondoe watoto na mifugo, kisha mwarifu Afisa wa Mifugo upesi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, naye aende hospitali siku ile ile akapate sindano za kinga. Asingoje dalili, maana zikitokea hakuna tena dawa ya kumponya.

2. Mtenge. Hata mbwa asiyeonyesha dalili mweke peke yake, mahali pakavu penye kivuli, mbali na watoto na mbwa wengine. Ugonjwa huu waweza kujificha mwilini majuma mengi, hata miezi. Mwite daktari wa mifugo amchanje mapema. Baadaye achanjwe tena kila mwaka.

3. Mlishe kidogo kidogo. Maji safi yawepo saa zote. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi umepungukiwa na madini. Ukiujaza ugali kwa ghafula, madini machache yaliyobaki katika damu hupungua upesi, moyo ukakosa nguvu, na mnyama akafa akiwa ameshiba. Siku ya kwanza mpe kama robo tu ya chakula kimtoshacho mbwa wa ukubwa wake, ukigawe mara 4 hadi 6. Ongeza kidogo kila siku, hata afikapo siku ya 10 apate posho kamili. Yai la kuchemsha, nyama au omena iliyopikwa vizuri, pamoja na ugali kidogo, vyamfaa. Usimpe mapafu wala maini mabichi. Yenye malengelenge humtia mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo huleta ugonjwa mbaya kwa watu.

4. Ngozi na damu. Usimpake oili chafu ya gari, wala dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia. Hizo ni sumu, naye hujilamba. Daktari atampa dawa ya upele, kupe na minyoo kwa kadiri ya uzito wake. Nawa mikono kila umshikapo, kwani upele wa namna nyingine huwashika na watu. Ufizi uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu. Kama waya umezama shingoni, usiuvute. Mwachie daktari auondoe.

5. Mrudishie imani. Mbwa aliyepigwa sana huogopa mkono ulioinuliwa. Mtu mmoja amlishe, saa zile zile, na amwite kwa jina moja. Keti kando bila kumkazia macho, umwache akusogelee mwenyewe. Usimpige hata kidogo.

Utajua kwamba amenenepa vya kutosha ukipapasa mbavu na kuzisikia chini ya ngozi, lakini huzioni. Hapo shauriana na daktari juu ya kumhasi. Jike hubeba mimba siku kama 63 tu, na watoto wasiotakiwa leo ndio watakaotupwa kesho.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yakataza kumnyima mnyama chakula. Kama huwezi kumtunza mbwa huyo, usimfukuzie kwa jirani. Mwarifu Afisa wa Mifugo, ili watoto wa jirani wawe salama kama wako.