Dhana Zisizopimwa na Maumivu ya Moyo

Katika maabara mwanafunzi hufundishwa mapema kutenganisha mambo mawili: kile alichokiona, na kile alichokikisia kutokana na alichokiona. Karatasi ya litimasi imegeuka nyekundu, hilo ameliona. Kwamba kimiminiko kile ni asidi, hilo amelihitimisha. Lakini atokapo nje ya maabara, mara nyingi tofauti hiyo huiacha mlangoni. Amemsalimu rafiki yake njiani, naye hakuitikia. Kilichotokea ni kimya tu. Hata hivyo, kabla hajapiga hatua tatu amekwisha kuhitimisha: "Amenichukia." Kinachomwuma ni hitimisho hilo, wala si kimya chenyewe, maana kama angejua kwamba mwenzake ametoka kupokea habari ya msiba, kimya kilekile kingemtia huruma.

Fikra hii ni ya kale. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa katika Dola ya Kirumi na baadaye kuwa mwalimu wa falsafa, aliifundisha kiasi cha miaka 1,900 iliyopita. Lakini kusema ni jambo moja, na kupima ni jingine.

Miongoni mwa waliopima ni Aaron Beck (1921–2021), daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Beck alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Sigmund Freud. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi, hutokana na hasira ambayo mgonjwa ameigeuza dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Beck alitaka kuithibitisha kauli hiyo kisayansi. Akakusanya ndoto za wagonjwa, akitarajia kukuta hasira ndani yake. Alichokikuta ni habari za watu walioshindwa, waliopotelewa na waliokataliwa.

Wapo walioweza kujibu kwamba mgonjwa hujitafutia mateso kwa siri. Kama ni hivyo, mgonjwa huyo akifaulu jambo angepaswa kuhuzunika zaidi. Beck na wenzake wakawapa wagonjwa kazi ndogo ya kupanga kadi. Walioonyeshwa kwamba wamefaulu walichangamka, na matumaini yao yakapanda. Hivyo daktari mwenyewe alilazimika kuiacha dhana aliyokuwa ameibeba bila kuichunguza.

Katika miaka hiyohiyo alikuwa akimtibu mwanamke aliyekuwa akimsimulia mambo ya faragha, na kila mara alipokuwa akisimulia alishikwa na wasiwasi. Beck alidhani wasiwasi huo unatokana na aibu ya mambo yenyewe. Alipomwuliza ni nini hasa kinachopita akilini mwake, jibu lilikuwa jingine kabisa: mgonjwa alikuwa akijiambia kwamba hajielezi vizuri, na kwamba anamchosha daktari. Chini ya maneno aliyoyatamka palikuwa na maneno mengine, mafupi na ya haraka, ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza habari zake.

Mawazo ya namna hii hujitokeza yenyewe, na nyuma yake huwa pamejificha kanuni pana zaidi: "Nikishindwa jambo moja, mimi si kitu", au "Asiponipenda kila mtu, sina thamani." Mtu hakuichagua kanuni hiyo, wala huenda hajawahi kuitamka.

Hebu tumtazame mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepata alama 18 katika jaribio la hisabati. Anasema moyoni: "Sina kichwa cha hesabu." Kuanzia siku hiyo haulizi swali darasani, kwa kuogopa kuchekwa. Mazoezi anayanakili kwa jirani. Muhula unaofuata anapata 15, naye anaiona alama hiyo kuwa ushahidi. Kumbe dhana imejitengenezea ushahidi wake yenyewe! Siku akipata 40, atasema mtihani ulikuwa rahisi. Katika fizikia tungemwonya mtafiti anayeandika vipimo vinavyomfaa na kuvitupa vingine. Katika maisha tunamwonea huruma, tukamwacha aendelee.

Nami sikuokoka. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari ng'ambo, msimamizi wangu alinirudishia sura ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu. Nilihitimisha kwamba anajuta kunipokea, nikamkwepa kwa wiki tatu. Nilipoona sura ya mwenzangu, ambaye sote tulimhesabu kuwa hodari, wino ulikuwa mwingi kuliko kwangu.

Hapa sharti niwapinge wale wanaoigeuza elimu hii kuwa mahubiri ya "fikiri mema upate mema." Njaa si dhana. Kufiwa si dhana, na kumlilia marehemu si kosa la kufikiri. Mwanafunzi anayepigwa nyumbani anahitaji kulindwa, hahitaji kufundishwa kuwaza upya. Na sonona ni ugonjwa: mwanafunzi anayesema hataki tena kuishi apelekwe kwa mganga hospitalini siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Wanasayansi nao hawajakubaliana katika yote. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake, huko Seattle, waliripoti kwamba wagonjwa waliosaidiwa tu kurudia shughuli zao za kila siku walipata nafuu sawa na wale waliofundishwa pia kuzichunguza fikra zao. Yawezekana basi kwamba kutenda ndiko kunakoipima dhana kuliko kubishana nayo.

Mwalimu aweza kulijaribu hilo darasani. Kila mwanafunzi achague jambo dogo analoliogopa, kama vile kuuliza swali. Kabla ya kulitenda aandike daftarini anachotabiri, kwa maneno yanayoweza kupimika: aandike "watatu watacheka", asiandike "nitaaibika". Kisha atende, na siku hiyohiyo aandike kilichotokea. Utabiri ukitimia, nao uandikwe vilevile. Baada ya majuma manne ahesabu ni mara ngapi alitabiri sawasawa. Daftari hilo ni la mwanafunzi, na mwalimu asilifungue pasipo ruhusa yake.